Toleo la Pili la Mgeni wa Bwawa

Mbinga, 10 Machi 2024

Mjomba Ladislaus,

Shikamoo. Huku mvua imetukamata barabara. Mama alikwenda Matiri juzi akarudi na habari kwamba mahindi yamefika kiunoni na magugu yamefika kifuani. Yeye ni mzima, ila goti linamlalamikia akipanda ngazi za kanisa. Usipa, hao dagaa wa ziwani, uliompa Meshack, konda wa basi, ulifika mkavu na bila mchanga, na mama kama desturi yake ameugawa wote kwa majirani kabla sijaonja hata mmoja. Nimemwambia mkono wake ukiendelea kuwa wazi hivyo, siku moja atatugawa na sisi. Msalimie sana Mama Hedwiga, mkeo, na umwambie nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako inatangazia mtaa mzima.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la mama. Ameamua kwamba mwaka huu, tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, tumwekee baba msalaba pale Matiri, kando ya kaburi la babu. Kaburi litakuwa tupu, hilo tunalijua, lakini paroko amekubali kulibariki. Sasa panahitajika wasifu wa marehemu, na mama anasema kuzaliwa kwake, ndoa yake na kazi yake tutaandika sisi, ila mwisho wake utauandika wewe na kuusoma wewe, kwa kuwa mlikuwa wawili tu kwenye mtumbwi. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Ninachokijua juu ya kifo cha baba yangu ni sentensi moja, kwamba wimbi lilimchukua. Nimeivaa miaka ishirini na moja na sasa imenibana. Naomba nyingine ndefu zaidi.

La pili ni ule ugonjwa wangu, nawe usinicheke, maana ni wewe na baba mlioniambukiza. Wenzangu wamerithi mashamba ya kahawa, mimi nimerithi chenga za televisheni. Dukani napiga picha za pasipoti na kuhamisha kanda za harusi kwenye flashi, lakini chumba cha nyuma kimejaa filamu za kutisha ambazo hata waliozitengeneza wamezisahau, na vipande vya vipindi vilivyorushwa mara moja vikazikwa. Ninacho kipindi cha watoto ambacho mdomo wa mwanasesere unafunguka pale sauti inaponyamaza. Ninaye msoma matangazo ambaye kipindi chake kimekwisha na hakuna aliyemwambia, basi anakaa dakika nne nzima anatutazama, anameza mate, anarekebisha tai, anatutazama tena. Hakuna zimwi lililowahi kunitisha kama bwana yule.

Lakini mfalme wa chumba changu ni Mgeni wa Bwawa. Unaikumbuka, ile filamu isiyo na jalada mliyokuwa mkiizungusha vijiji vyote vya kando ya ziwa, baba kwenye jenereta na deki, wewe kwenye maiki ukiitafsiri. Mume na mke wanakwenda kupumzika bwawani. Mkono unatoka majini na kushika ukingo wa boti yao, mume anaupiga kwa kafi, na kuanzia siku hiyo mtu aliyelowa anakuja kukaa mezani kwao, hali, hanywi, anadondosha maji tu. Mkanda wenye sauti yako wa mwaka 2002 ninao siku nyingi. Sasa nimepata mwingine. Umeandikwa kwa mwandiko wako, “Toleo la pili, Agosti 2004.” Sikujua kwamba uliwahi kuirudia. Nitazikalia kanda zote mbili sentensi kwa sentensi, kisha nitakuletea ripoti.

Mpwa wako,
Ida


Liuli, 2 Aprili 2024

Ida mwanangu,

Marahaba. Pasaka imepita salama. Watu walijaa kigangoni mpaka nje, nami kama katekista nilisimama tangu asubuhi na miguu imenivimba. Mama Hedwiga anakusalimu, amepanda mihogo mipya. Ziwa limetulia na usipa ni mwingi, nimempa Meshack mfuko mwingine. Mwambie dada Beata nimefurahi kusikia habari ya msalaba. Ni jambo jema, lilichelewa. Wasifu nitauandika, ila Kwaresima ilinibana na sasa yako mafundisho ya Kipaimara, kwa hiyo mnivumilie.

Kuhusu kanda, nakushauri kama mzazi. Mambo yale yalikuwa ya ujana. Picha za mazimwi haziwafai watu waliobatizwa, na mimi mwenyewe kanda zangu nilizichoma zote. Huo mkanda uchome pia. Kama huwezi, mpe Meshack aniletee, nitauchoma mimi.

Hukusema umeupata wapi. Niambie umeupata wapi.

Mjomba wako,
Ladislaus


Mbinga, 21 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa usipa. Umegawanywa tayari, na jirani yetu Vitalia anakuombea maisha marefu. Mama amepunguza maumivu ya goti kwa dawa ya kuchua, na jana aliniagiza nikuulize umefika wapi na wasifu.

Mkanda siuchomi, Mjomba. Mtu hachomi kitabu cha babu yake eti kina picha mbaya. Nilikoupata sisemi, sisi wakusanyaji tuna miiko yetu. Na hilo la mazimwi kutowafaa waliobatizwa nimelisikia, ila nakumbuka wewe ndiye uliyeniambia nikiwa na miaka saba kwamba filamu nzuri ya kutisha haimwonyeshi zimwi kabisa. Inamwonyesha mtu anayesikia hodi mlangoni na kujifanya hakusikia. Nimetazama mamia tangu wakati huo na bado sijapata maelezo yanayoyashinda hayo.

Ripoti yangu ni hii. Najua ulikuwa ukirekodi sauti yako juu ya mkanda ili vibanda vya video vya Matiri na Mpepai vionyeshe bila wewe kuwapo. Dakika arobaini za mwanzo matoleo yote mawili yanalingana, mzaha kwa mzaha. Mke anapika, nawe unasema anapika ugali wa dona, wakati sote tunaona ni tambi. Mume anavaa kofia, nawe unasema huyu ni bwana shamba. Kisha wanaingia kwenye boti, mkono unashika ukingo, na hapo matoleo yanaachana. Katika lile la 2002 unasema, “Huyu ni hawara wa zamani wa yule mama, mpige, bwana shamba, mpige.” Nyuma yako nasikia watu wanacheka, na nina hakika kicheko kimoja ni cha baba.

Katika toleo la pili hapo ulisema mambo mengine, na sauti iko chini mno. Nimeagiza kebo mpya kutoka Songea. Ikifika nitajua. Nakiri kwamba nina furaha ya kipumbavu, kama mtu aliyeokota ufunguo na sasa anazunguka kutafuta mlango.

Ida


Liuli, 26 Mei 2024

Ida,

Marahaba. Hatujambo. Mama Hedwiga alishikwa na malaria, amepona.

Nimeambatanisha wasifu. Sehemu yangu inasema hivi: “Tarehe 14 Juni 2003, marehemu Raimundi alikuwa akisafiri kwa mtumbwi kutoka Liuli kwenda Mbamba Bay pamoja na shemeji yake. Upepo wa mwera ulivuma, wimbi lilimchukua, na hakuonekana tena. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.” Inatosha. Wasifu mrefu huwachosha wafiwa. Atausoma mtu mwingine, kifua changu si kizuri siku hizi.

Mambo ya toleo la kwanza na la pili yasikusumbue. Lugha ya filamu ile sikuijua hata neno moja. Mtafsiri anasema linalomjia, leo hivi na kesho vile. Usitafute kitu ambacho hakimo.

Nakuomba kwa mara ya pili unitumie mkanda huo.

Ladislaus


Mbinga, 16 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama ni mzima. Juzi, tarehe 14, tulipeleka nia ya Misa kwa ajili ya baba kama kila mwaka. Kahawa imeanza kuiva na mji umejaa watu wa vijijini.

Wasifu wako nimeusoma. Ni ile sentensi yangu fupi, umeishonea kola tu.

Kebo imefika. Jana mchana nilifunga duka, nikavaa hedfoni, nikasikiliza kipande kile mara kumi na moja. Nakunakilia ulichosema, na neno lisilo lako sijaongeza.

Mkono unashika ukingo wa boti. Unasema, “Usimpige. Ni shemeji yako.” Mume anainua kafi. Unasema, “Hajui kuogelea huyu, ametoka milimani.” Kafi linashuka. Kisha unanyamaza dakika moja na nusu, nasikia unavyohema karibu na maiki. Boti inafika ukingoni, mume na mke wanashuka, nawe unasema, “Televisheni haikulowa.”

Mjomba, ninaijua filamu hii kama ninavyoijua Baba Yetu. Ndani yake hakuna shemeji. Hakuna milima, nchi yote ni tambarare kama meza. Na kwenye ile boti hakuna televisheni, kuna kikapu cha chakula na mwavuli.

Lakini upo mtumbwi ninaoufahamu ambao ulibeba televisheni. Alikuwamo mtu kutoka Matiri ambaye hakujua kuogelea, na alikuwamo shemeji yake. Niambie kwamba ulikuwa na huzuni na maneno yakakuponyoka, nami nitakuamini. Nataka sana kukuamini. Andika haraka.

Ida


Mbinga, 11 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Wiki nane zimepita. Usipa umekuja mara mbili, barua haikuja. Nilimuuliza Meshack kama unaumwa, akasema amekuona umesimama barabarani na baiskeli yako, mzima kabisa, ukampa mfuko na hukumpa neno.

Nitakwambia hali ilivyo huku. Mafundi wameshamimina zege la msalaba. Mama ameshona nguo. Amealika ukoo wote wa Matiri, na kila anayemuuliza nani atasoma wasifu anamjibu, “Ni kaka yangu Ladislaus,” hata nilipomwambia kuhusu kifua chako. Nami naamka kila siku nikiwa na sauti yako masikioni, na nikimpa mama chai siwezi kumtazama usoni. Nilikuwa nimepanga kuiweka filamu mtandaoni pamoja na matoleo yako yote mawili, watu wajue palikuwa na msanii Liuli. Sasa sitaki wageni wacheke mahali pale pa kafi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma saa. Ulinibeba mabegani siku ya Komunyo yangu ya kwanza kwa sababu baba alikuwa safarini. Ndiyo maana nakuuliza wewe kabla ya kumuuliza mtu mwingine yeyote, na nakuuliza mara moja tu.

Ulimpiga?

Ida


Liuli, 15 Septemba 2024

Ida,

Msalimie dada. Hapa hatujambo.

Nimeanza barua hii mara nne. Kazi niliyoijua maishani ni moja, kueleza yanayotokea kwenye picha ambayo sikuitengeneza mimi. Niache nikutafsirie, kwa njia nyingine siwezi.

Hapa mnaona ziwa. Ni saa nne asubuhi, jua limetoka, mwera unaanza kuvuma. Mnaona mtumbwi. Una watu wawili, jenereta, deki, na televisheni iliyofungwa kwa blanketi na turubai juu yake. Wanakwenda Mbamba Bay, ambako filamu imetangazwa kwa saa nane mchana. Huyu wa mbele ni mtu wa milimani. Anajua kulima ngolo, yale mashimo ya shamba la mteremkoni, anajua kuunganisha nyaya, kuogelea hajui. Huyu wa nyuma amezaliwa ufukweni hapa. Wa mbele alikuwa amesema tungoje upepo utulie. Wa nyuma alimcheka, akamwambia nyinyi Wamatengo mnaogopa hata maji ya kunawa.

Sasa linakuja wimbi. Televisheni inateleza. Wa mbele anasimama kuishika, tazameni vizuri, anasimama kwa ajili ya televisheni, na anaanguka yeye. Anaibuka. Anashika ukingo kwa mikono miwili. Mtumbwi unalala upande na maji yanaanza kuingia. Anasema, “Tupa jenereta, shemeji.” Anasema mara ya pili. Kuitupa jenereta ni kazi ya pumzi moja, imekaa wazi, haikufungwa. Huyu wa nyuma anaitazama jenereta, kisha anautazama mkono. Anajiambia kwamba mtumbwi utazama na wote wawili watakufa. Anajiambia hivyo siku ile na anajiambia hivyo mpaka leo. Anainua kafi.

Anapiga mkono wa kulia. Wa kushoto unaachia wenyewe.

Baadaye mnauona mtumbwi unafika pwani. Wanaufungua mzigo, televisheni haikuingia tone. Watu wanasema Mungu mkubwa, angalau vyombo vimepona. Huyu wa nyuma anasikia wanavyosema, naye anaitikia.

Mwaka uliofuata Aidan wa Matiri alitaka mkanda mpya kwa ajili ya kibanda chake, ule wa kwanza ulikuwa umechakaa. Nilijifungia chumbani na maiki, na televisheni ilikuwa ileile. Tulipofika kwenye mkono, mdomo wangu ulisema uliyoyasikia. Ningeweza kurudisha nyuma na kufuta. Sikufuta. Nilimpelekea Aidan hivyo hivyo, nikakaa nikingoja watu waje. Nilisema watakaosikia watanijia. Wiki, mwezi, hakuna aliyekuja. Aidan aliniambia filamu ilipendwa sana, pale pa shemeji watu walicheka mpaka wakaanguka kwenye mabenchi. Tangu siku ile sijashika maiki.

Ida, mimi ni yule bwana wako wa matangazo. Fanya na barua hii unavyoona ni haki. Sitakulaumu.

Ladislaus


Mbinga, 6 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiandika salamu hiyo kwa sababu mkono umezoea.

Barua yako niliisomea dukani. Wiki nzima nilikuchukia. Niliichukia sauti yako, nikavichukia na vitu vyangu vyote vya chumba cha nyuma, nikaona miaka yote hii nimekuwa nikilipenda zimwi bila kujua linakaa wapi. Sikuwa nimetaka mama ajue. Nilipanga kusema umelazwa, nisome wasifu mwenyewe, na ile sentensi fupi iingie kaburini.

Jumapili iliyopita mama alinikuta nimekaa sakafuni na barua mkononi. Alinyosha mkono akaichukua, akavaa miwani yake, akasoma taratibu kutoka juu hadi chini. Nilikuwa tayari kumdaka akianguka. Hakuanguka. Aliikunja barua, akasema, “Kumbe alimwomba atupe jenereta. Hilo sikulijua.”

Uliniuliza mkanda nimeupata wapi. Niliupata katika sanduku la mama, chini kabisa, umefungwa ndani ya kitenge, nilipokuwa nikitafuta cheti cha ubatizo cha baba. Nilidhani umehifadhiwa kwa bahati tu. Jumapili aliniambia. Agosti ile ya 2004 alisikia Aidan ana filamu yenye sauti yako. Tulikuwa bado tunakaa Matiri, nawe hukuwa umekanyaga kwetu miezi mingi, naye alikuwa na hamu ya kumsikia kaka yake. Akaenda siku ya Jumapili baada ya Misa, akakaa karibu na mlango. Ulipomwambia yule mzungu asimpige shemeji yake, kibanda kizima kilicheka. Mama hakucheka. Filamu ilipokwisha alimwambia Aidan kwamba umemtuma auchukue mkanda, akauweka kwenye kikapu, akapanda nao mpaka nyumbani. Tangu siku ile hajakaa mbele ya televisheni. Mimi nilifikiri ni kwa sababu inamkumbusha baba.

Kwa hiyo mmoja alisikia, Mjomba. Wewe ulikuwa unangoja aje kwako, naye alikuwa anangoja uje kwake. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hii. Akasema, “Kaka yangu alijua njia ya kuja Matiri. Nilimwachia mlango wazi.”

Na kuna jingine, nalo nalisema kwa hasira ili ulisikie vizuri. Ule usipa wako. Mimi nilikuwa nikimsifu mama kwa ukarimu. Miaka ishirini hajaweka mdomoni hata mmoja. Alikuwa anafungua mfuko, anautazama, kisha anapeleka nyumba kwa nyumba mpaka uishe, halafu ananawa mikono.

Sasa sikia aliloniagiza, nimeliandika mbele yake. “Mwambie aje asome mwenyewe. Asome mwisho wote, na jenereta asiiache. Mambo ya kusamehe au kutosamehe mimi sijui bado, nitajua nikimsikia.”

La kwangu ni dogo. Katika barua yako umemtaja huyu wa nyuma, huyu wa nyuma, kama vile unamwona kwa mara ya kwanza kwenye skrini. Mtu huyo ana jina, nami nina damu yake. Ukija Matiri na maneno ya mtafsiri, nitasimama mbele ya paroko na watu wote na kukuondolea karatasi mkononi.

Ida


Liuli, 27 Oktoba 2024

Dada Beata, na Ida mwanangu,

Nawasalimu wote wawili. Ziwa limetulia.

Nimemwambia Mama Hedwiga. Siku ya tatu aliniandalia shati jeupe akaliweka kitandani. Nimekwenda kwa paroko wetu, nikaungama, kisha nikamweleza tena nje ya kitubio, kama mtu kwa mtu. Funguo za kigango nimemwachia. Amesema tutazungumza nikirudi.

Wasifu nimeuandika upya. Ida, usiutafute mkononi mwa mtu mwingine, nitakuwa nao mimi. Sehemu yangu inasema hivi:

“Tarehe 14 Juni 2003, saa nne asubuhi, Raimundi alianguka kutoka kwenye mtumbwi akijaribu kuokoa televisheni. Alishika ukingo akaniomba nitupe jenereta. Sikuitupa. Nilimpiga mkono kwa kafi, akaachia, akazama. Aliyempiga ni mimi, Ladislaus, kaka yake Beata. Niliwaambia wimbi lilimchukua. Wimbi halikumchukua.”

Nimejisomea kwa sauti humu ndani mara nyingi. Mara za kwanza sikufika mwisho. Leo asubuhi nimefika.

Ule mkanda msiuchome.

Natoka huku Ijumaa kwa basi la Meshack. Kiti amenishikia, akaniuliza mfuko uko wapi. Nimemwambia safari hii hakuna usipa, nakuja mikono mitupu.

Ladislaus